Daktari Amwulize Mgonjwa: Umetembea Siku Ngapi?

(Maneno yaliyosemwa na waenezi wa Chama mbele ya mkutano wa matawi, uliohudhuriwa pia na waganga, wauguzi na wajumbe wa kamati za zahanati.)



Tulipobandika tangazo kwamba leo tutasema habari ya mazoezi ya mwili na kazi ya zahanati zetu, wapo wanachama waliotuuliza: Je, Chama kimeacha siasa sasa kinataka kurukaruka? Swali hilo ni la haki, na yafaa tulijibu kabla ya jambo lingine lolote.

Nchi yetu ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wananchi waliambiwa wazi kwamba bendera peke yake haitoshi. Maadui watatu walitajwa: umaskini, ujinga na maradhi. Kila mtoto wa shule aliwajua kwa majina. Basi, mtu anayesema habari ya maradhi hajaiacha siasa. Yuko katikati ya siasa, tena kwenye shina lake.

Wazee waliomo humu watakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusoma, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatoka na majembe. Wakachimba vyoo, wakafyeka majani, wakafukia madimbwi. Hawakungoja daktari aje na gari kutoka Dar es Salaam. Maadui wa siku zile walikuwa malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu. Maadui hao hawajaondoka wote, wala hatusemi silaha ziwekwe chini. Lakini nyuma yao wameingia wengine kimyakimya, na hawa hawaji na mbu wala na maji machafu.

ADUI ALIYEINGIA KIMYAKIMYA

Tunasema habari ya presha, sukari, ugonjwa wa moyo na kiharusi. Zamani tulidhani haya ni maradhi ya matajiri na ya Wazungu. Dhana hiyo imepitwa. Uchunguzi uliofanywa katika nchi yetu mwaka 2012, kwa watu wazima wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kwamba kiasi cha mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na presha ya kupanda, na watu kama 9 katika kila 100 walikuwa na sukari. Wengi wa watu hao hawakuwa wakijua. Walikuwa wakienda sokoni, wakifundisha shule, wakiendesha magari, na huku adui amekaa ndani ya mishipa.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu anajua linalotokea kiharusi kikiingia katika nyumba ya mtu wa kawaida. Baba aliyekuwa fundi seremala hawezi tena kushika randa. Mama anaacha genge lake ili amgeuze mgonjwa kitandani. Mtoto wa kwanza anaacha shule. Shamba la urithi linauzwa ili ipatikane nauli ya kwenda hospitali ya mkoa. Mtu mmoja ameugua, lakini nyumba nzima imeanguka. Hapo maradhi na umaskini vinapeana mkono, na ujinga ndio uliofungua mlango. Je, hiyo si siasa?

SIKU YA KLINIKI

Sasa tutazame siku ya kliniki ya presha na sukari katika kituo chochote cha kawaida. Wagonjwa wanafika alfajiri. Wanakaa kwenye mabenchi, kila mmoja na daftari lake. Anaitwa, anapanda kwenye mizani, anafungwa mpira mkononi, presha inasomwa, kidole kinachomwa, sukari inapimwa. Anaingia kwa daktari. Daktari anatazama hesabu, anaandika vidonge, anataja tarehe ya kurudi. Mgonjwa anakwenda kwenye dirisha la dawa. Dawa zikiwapo anapewa, zisipokuwapo anaambiwa akanunue. Kisha anarudi nyumbani, na mwezi ujao atakuja tena vivyo hivyo.

Hatumlaumu mganga. Mganga huyo ana watu 50 nje ya mlango, na mkono mmoja wa kuandikia. Lakini tunauliza: katika mwendo wote ule, kutoka mizani hadi dirisha la dawa, ni nani aliyemwuliza mgonjwa jinsi anavyoutumia mwili wake? Ni nani aliyemwuliza kama anatembea, au kama anakaa kitini tangu asubuhi hadi jioni? Mara nyingi hakuna. Pengine mwisho kabisa, mgonjwa akiwa ameshika kitasa, anatupiwa neno: "Na mazoezi, mzee." Mzee anaitikia, "Naam, daktari." Anatoka hajui ni mazoezi gani, kwa muda gani, mara ngapi, wala kama yatamponya au yatamwua.

Sisi tuliopita chuo cha ualimu tulifundishwa jambo moja ambalo kila mwalimu analijua. Ukiwapa watoto zoezi la nyumbani, na kesho yake usilisahihishe, watalifanya mara ya kwanza, watalifanya nusu mara ya pili, na mara ya tatu hawatalifanya kabisa. Tena hawana makosa, maana mwalimu mwenyewe amewaonyesha kwamba zoezi lile halina maana. Ndivyo lilivyo neno la "na mazoezi, mzee". Halikuandikwa popote, na mwezi ujao hakuna atakayeliuliza. Dawa imeandikwa, kwa hiyo dawa ni ya kweli. Kutembea hakukuandikwa, kwa hiyo kutembea ni mzaha.

USHAHIDI UKO WAPI?

Mwanachama mwema haamini jambo kwa sababu limesemwa jukwaani. Anataka ushahidi, nasi tumekuja nao.

Kwanza, twende London, miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Alikuwako daktari jina lake Jerry Morris. Alitaka kujua kwa nini ugonjwa wa moyo unazidi kuua watu. Akawatazama wanaume wa miaka 35 hadi 64 waliofanya kazi katika mabasi na vyombo vingine vya usafiri vya mji ule, watu wapatao 31,000. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa kitini karibu zamu yake yote. Kondakta alikuwa akipanda na kushuka ngazi kukata tikiti, ngazi mamia kwa mamia kila siku. Watu hao wawili walikuwa katika gari moja, mji mmoja, tajiri mmoja. Mwaka 1953 Morris alitoa matokeo: makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipopatwa, haukuwaua upesi kama ulivyowaua madereva. Akawatazama na watu wa posta pia. Aliyebeba barua kwa miguu au kwa baiskeli alikuwa na nafuu kuliko mwenzake aliyekaa ofisini au kwenye simu.

Wapo waliotia shaka. Wakasema, pengine madereva walikuwa wanene tangu mwanzo. Swali la haki kabisa. Morris hakukasirika. Alikwenda kutazama daftari za sare, akapima unene kwa ukubwa wa suruali walizopewa. Akakuta kweli: madereva walikuwa wanene zaidi tangu wangali vijana kazini. Lakini hata alipolinganisha mwembamba na mwembamba, mnene na mnene, bado kondakta alikuwa na nafuu kuliko dereva. Morris alizaliwa mwaka 1910 na alifariki mwaka 2009, akiwa na miaka 99.

Ndugu zangu, sisi wenye daladala hatuhitaji kufika London ili tuielewe habari hii. Kila siku tunamwona dereva amekaa na utingo anaruka mlangoni.

Pili, twende China, katika mji wa Daqing. Mwaka 1986 walichukuliwa watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, lakini hawajawa wagonjwa kamili. Walikuwa wakihudhuria kliniki 33. Kliniki nyingine ziliwasaidia watu wao kubadili chakula, nyingine zikawasaidia kuongeza mazoezi, nyingine yote mawili, na nyingine ziliendelea kama kawaida. Baada ya miaka 6, katika kila watu 100 wa kliniki za kawaida, 68 walikuwa wameugua sukari. Katika kliniki za mazoezi, waliougua walikuwa 41. Haikuwa miujiza, maana 41 nao ni wengi. Lakini hao 27 waliookoka ni watu. Wakiwa katika tawi lenu wangejaza mabenchi matatu ya mbele.

Tatu, New Zealand. Huko tangu mwaka 1998 madaktari walianza kuandika karatasi iliyoitwa Cheti cha Kijani. Daktari anazungumza na mgonjwa dakika chache, wanapatana juu ya jambo analoweza kulifanya, daktari analiandika kama aandikavyo dawa, halafu mtu mwingine anamfuatilia mgonjwa kwa simu. Mwaka 2003 matokeo ya jaribio yalitolewa: watu 878 wa miaka 40 hadi 79, katika vituo 42. Baada ya mwaka mmoja, waliopewa cheti walizidi wenzao. Kama mtu 1 zaidi katika kila 10 alifikia saa mbili na nusu za mazoezi kwa juma.

Mwenye haraka atasema: mmoja tu katika kumi? Naam, mmoja. Lakini hesabuni wenyewe. Kliniki inayoona wagonjwa 300 kwa mwezi itapata watu 30, na gharama yake ni karatasi, kalamu na ulimi wa adabu. Haba na haba hujaza kibaba. Uswidi nao madaktari wao huandika mazoezi kwenye cheti tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Hatuwasifu Wazungu kwa sababu ni Wazungu. Tunachukua linalofaa, kama tulivyochukua cherehani na baiskeli.

MWILI UNAFANYAJE KAZI

Wengine wanadhani mazoezi ni kutoa jasho tu. Yafaa waganga wetu waeleze kwa lugha nyepesi, maana mtu akielewa sababu hafanyi jambo kwa woga. Musuli inapofanya kazi, inavuta sukari kutoka kwenye damu na kuitumia kama gari litumiavyo petroli. Kwa hiyo sukari hushuka, na insulini kidogo iliyomo mwilini hufanya kazi vizuri zaidi. Moyo nao ni musuli. Ukizoezwa, unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, na mishipa inalegea na kupanuka. Mtu mwenye presha akitembea kwa bidii siku nyingi za juma, mara nyingi presha yake ya juu hushuka kwa vipimo kama vitano hadi vinane. Kidonge kimoja chaweza kufanya kazi ya namna hiyo. Kutembea hakuna foleni, wala hakuishi dirishani.

Na kiasi kinachotakiwa ni kipi? Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020: mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa juma za kazi ya wastani, ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Au dakika 75 hadi 150 za kazi nzito. Na angalau siku mbili afanye kazi za kutia nguvu musuli. Wazee waongeze mazoezi ya kusimama imara wasianguke. Watoto wapate kama saa moja kila siku. Mama mjamzito naye, asipokuwa na zuio la mkunga au daktari, hakukatazwa kutembea. Na neno lililo kubwa kuliko yote: kidogo ni bora kuliko sifuri. Mwenye kuanza na dakika 10 ameanza.

MASWALI MAWILI TU

Sasa tunafika kwenye haja yetu. Hatuwaombi waganga wawe walimu wa michezo. Tunawaomba wamwulize kila mgonjwa wa kliniki maswali mawili, pale anapopimwa presha:

La kwanza: Katika siku saba zilizopita, siku ngapi ulitembea kwa kasi au ulifanya kazi ya kukutoa pumzi?

La pili: Siku hizo, ulifanya kwa dakika ngapi?

Nesi azidishe, aandike hesabu ile daftarini, chini ya uzito na presha. Siku 3 kwa dakika 20 ni 60. Siku 5 kwa dakika 30 ni 150. Maswali kama haya yameulizwa katika hospitali kubwa za Marekani kwa miaka zaidi ya kumi, nayo hayachukui hata dakika mbili. Mwezi ujao atazame: je, ile 60 imekuwa 80? Akute imepanda, amsifu. Akute imeshuka, amwulize kilichomzuia, asimkemee. Hapo ndipo zoezi linaposahihishwa.

Lakini swali litangulie ushauri. Jambo hili tunalikazia sana. Yuko mama anayelima tangu alfajiri, anatwanga, anachota maji mwendo wa nusu saa na ndoo kichwani. Ukimwambia mama huyu, bila kumwuliza, "Fanya mazoezi," umemtukana. Hesabu yake ya juma huenda inazidi ya daktari mwenyewe. Mama huyo anahitaji bomba la maji karibu, anahitaji kupumzika, na anahitaji uchunguzi wa chakula na chumvi yake. Walakini yuko mwenzake wa mjini, anakaa kwenye kibanda cha M-Pesa toka saa moja hadi saa tatu usiku. Yuko dereva wa bodaboda ambaye hatembei hata kwenda dukani. Yuko karani, yuko fundi cherehani, yuko mwalimu anayesahihisha vitabu hadi usiku. Hao dawa yao ni nyingine. Bila kuuliza, mganga hawezi kumjua huyu na yule.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Tumeyasikia maneno ya kupinga, na mengine yametoka kwa waganga wenyewe. Twayajibu bila hasira.

Wanasema: Hatuna nafasi. Tunajibu: maswali yaulizwe na aliye kwenye mizani, si lazima daktari. Na wagonjwa wanaongoja saa tatu kwenye benchi, kwa nini wasifundishwe pamoja, kama akina mama wanavyofundishwa kliniki ya watoto?

Wanasema: Mgonjwa anataka sindano na vidonge, ukimpa maneno anaona amedanganywa. Ni kweli. Ndiyo maana maneno yaandikwe, yapigwe tarehe, yafuatiliwe. Mtu huheshimu kile ambacho mganga anakiheshimu.

Wanasema: Mgonjwa ataanguka njiani. Hofu hiyo ina sababu, na haifai kudharauliwa. Basi waganga wawaambie watu waanze polepole na kuongeza kidogo kidogo. Mwenye presha iliyopanda sana itulizwe kwanza kwa dawa. Mwenye sukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari apewe maelezo yake, na awe na kitu kitamu mfukoni. Avae viatu vinavyomfaa, na akague nyayo zake kila jioni, maana kidonda cha mguu ni adui mwingine. Anayeona maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukatika pumzi, asimame na arudi kituoni upesi. Lakini kwa watu wengi, hatari ya kukaa ni kubwa kuliko hatari ya kutembea. Wahenga walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure.

Na wako wanaosema: Mwanamke mtu mzima akikimbia barabarani atachekwa. Nani alisema akimbie? Atembee na wenzake, na kanga zake, kwa heshima zake. Wakiwa kumi, nani atawacheka? Ndugu zetu wa Zanzibar wametupita katika jambo hili. Huko vikundi vya mazoezi vya mitaani ni jambo la kawaida, wake kwa waume, na kila tarehe 1 Januari hukusanyika kwa siku ya mazoezi ya kitaifa.

MAZOEZI SI BADALA YA DAWA

Hapa tunataka tueleweke vizuri, kwa sababu neno jema laweza kutumiwa vibaya. Asije mtu yeyote, mwenye cheo au asiye na cheo, akasema: Dirisha la dawa ni tupu, basi wananchi watembee. Hapana! Mwenye kuandikiwa vidonge ameze vidonge vyake, asiviache kwa sababu ametembea juma mbili. Na vidonge viwepo. Kutembea na dawa ni miguu miwili ya mtu mmoja. Ukimkata mmoja, atachechemea.

Wala hatutaki maneno haya yawe fimbo ya kumchapa mgonjwa, aambiwe ati ameugua kwa uvivu wake. Mtu anaambiwa atembee, lakini barabara imepanuliwa na njia ya miguu haikuwekwa. Anatembea na malori sikioni. Anaambiwa acheze, lakini uwanja wa mtaa umekatwa viwanja ukauzwa. Msichana anaambiwa afanye mazoezi, lakini jioni njia haina taa. Haki ya kutembea salama ni ya mgonjwa kama ilivyo haki ya kupimwa presha. Mganga anayeandika "tembea nusu saa" na diwani anayepitisha barabara bila njia ya miguu wanapingana, na mgonjwa ndiye anayeumia katikati.

KAZI YETU SISI WANACHAMA

Ulimwengu mzima una shida hii. Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba mwaka 2022 watu wazima 31 katika kila 100 duniani, yaani watu bilioni 1.8, hawakufikia kiasi cha mazoezi kinachotakiwa. Serikali yetu nayo haikulala. Desemba 2016, Mama Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati ule, alitoa mwito Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Mwito ule ulikuwa mwema. Lakini Jumamosi 12 kwa mwaka hazitoshi kuulinda moyo, na watu wanaofika uwanjani mara nyingi ni wale wenye afya tayari. Mgonjwa wa presha hayuko uwanjani. Yuko kwenye benchi la kliniki. Tumfuate huko huko aliko.

Basi, kila tawi likirudi nyumbani, lifanye mambo haya.

Kwanza, wajumbe wetu walioko katika kamati za zahanati na vituo vya afya walete ajenda hii katika kikao kinachofuata: maswali mawili yaulizwe, na hesabu iandikwe daftarini. Jambo hili halina bajeti ya kungojea.

Pili, tawi liwe na kikundi cha kutembea, asubuhi au jioni, angalau siku tatu kwa juma. Mganga akimwandikia mtu atembee, awe na mahali pa kumpeleka. Cheti bila wenzako wa kutembea nao ni barua isiyo na anwani. Kikundi hiki kisiulize kadi ya Chama. Presha haiulizi mtu ni wa chama gani, nasi tusiulize.

Tatu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, wapewe kazi ya kumfuatilia mgonjwa nyumbani. Wao wanaijua njia, wanamjua na jirani.

Nne, madiwani wetu waulizwe mkutanoni, mbele ya watu: viwanja vya wazi vilivyobaki ni vingapi, na ni nani anavilinda? Barabara inayojengwa ina njia ya miguu au haina?

Tano, viongozi tuanze sisi. Mwezi wa Oktoba 1967, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Vijana wa nchi hii walitembea mamia ya maili kwa ajili ya Azimio lile. Siasa yetu ilijua kutembea kabla haijajua magari ya vioo vyeusi. Kiongozi anayepanda gari kwenda mkutanoni mtaa wa pili hawezi kumwambia mzee mwenye sukari atembee.

Na ninyi waganga na wauguzi, mliokaa nasi tangu asubuhi, tunajua mnazunguka wodini hadi miguu inavimba, na wengine wenu mnakaa kwenye meza ya maandishi kutwa nzima. Nanyi pia mna presha, nanyi pia mna mioyo. Jiulizeni maswali yale mawili kabla ya kumwuliza mgonjwa. Neno la mganga lina uzito ambao hotuba yetu haina. Mwananchi aweza kubishana na mwenezi wa Chama kutwa, lakini daktari akimtazama usoni na kumwambia, "Mama, nataka utembee dakika ishirini, siku tatu, nami nitakuuliza tarehe kumi," mama yule atatembea. Tumeomba mseme neno hilo. Tumeomba mliandike. Na tarehe kumi ikifika, mwulizeni.

Ndugu Mwenyekiti, tunapendekeza mkutano huu upige kura juu ya mambo yale matano, na kila tawi lilete taarifa baada ya miezi mitatu: kituo gani kimeanza kuuliza, kikundi gani kinatembea, uwanja gani umeokolewa. Taarifa iwe na hesabu, isiwe na sifa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kiharusi hakuna fundi anayeujenga upya ukawa kama ulivyokuwa.

Uhuru na Kazi!